Uzi: Dawa ya kung'arisha picha za MRI, na kwa nini kasi ya kuiachia metali ni muhimu kuliko nguvu ya kuishika

Maalim wa Chake aliandika:

Assalaam alaykum wanajukwaa. Katika uzi wa maji ya visima, kijana mmoja aliuliza iwapo EDTA tunayoitumia skuli kupimia chokaa ina uhusiano wowote na dawa anayodungwa mgonjwa kabla ya kuingizwa kwenye mashine ya MRI. Uhusiano upo, tena ni wa karibu, na nimeona nisiujibu kwa mstari mmoja, kwa sababu ndani yake mna suala la kemia ambalo wataalamu walibishana juu yake kwa miaka mingi, na ambalo, kwa bahati mbaya, lilikuja kuamuliwa na wagonjwa wa figo.

Kwanza tuondoe dhana moja. Dawa ya CT skani ina iodini, na iodini huzuia eksirei, kwa hiyo kinachoonekana kwenye picha ni dawa yenyewe. Katika MRI dawa haionekani kabisa. Mashine husikiliza protoni za haidrojeni, ambazo kwa wingi zimo katika maji na mafuta ya mwili: sumaku huzipanga, wimbi la redio huzipindua, kisha huachwa zirejee katika mpangilio wake. Muda huo wa kurejea huitwa T1, na hutofautiana baina ya tishu moja na nyengine. Ukiweka karibu na maji ioni yenye elektroni zisizo na wenza, uga wake wa sumaku unaotikisika huzifanya protoni zirejee upesi zaidi, na katika picha zinazopigwa kwa kuutegemea muda wa T1, palipo na protoni zilizorejea upesi hung'aa. Tunachokiona, basi, ni maji yaliyopita karibu na metali. Metali ya dawa hii ni gadolini, nayo hudungwa ikiwa kelati, yaani metali iliyozungukwa na kushikwa na molekuli nyengine. Katika kelati nzuri ya gadolini, nafasi moja ya maji hubadilisha mkaaji wake takribani mara milioni nne kwa sekunde, na kila molekuli inayoondoka huenda na athari iliyoipata.

Kwa nini gadolini? Kwa sababu ioni yake yenye chaji tatu ina elektroni saba zisizo na wenza, idadi kubwa kabisa inayowezekana katika ganda la f, na elektroni hizo hazigeuki haraka mno. Disprosi na holmi zina sumaku yenye nguvu zaidi kwenye karatasi, lakini elektroni zao hugeuka kwa kasi kiasi kwamba protoni hazifaidiki nazo.

Tatizo ni kuwa gadolini iliyo huru ni sumu. Ukubwa wake unakaribiana na wa kalsiamu, kwa hiyo huingia katika milango ya kalsiamu ya seli na kuiziba. Isitoshe, hushikana na fosfeti ya damu na kuganda. Na kiasi tunachokizungumzia si kidogo. Dozi ya kawaida ni milimoli 0.1 kwa kila kilo ya uzito, maana yake mtu wa kilo 70 hupewa milimoli 7, na ndani yake mna gadolini yapata gramu 1.1. Hakuna daktari ambaye angethubutu kuidunga metali hiyo ikiwa tupu.

Ndipo tunapoihitaji ligandi, yaani molekuli inayoizunguka metali na kuishika kwa atomi zake za nitrojeni na oksijeni. Gadolini ina nafasi tisa za kushikwa. Ukizijaza zote tisa umeifunga salama, lakini maji hayaifikii na picha haing'ai sana. Ukiziacha wazi nyingi, inang'aa vizuri lakini unacheza na roho ya mtu. Muafaka uliotumika tangu mwanzo ni ligandi kuchukua nafasi nane na maji kuachiwa moja.

EDTA yetu ya skuli, ile inayougeuza wekundu kuwa buluu pale kalsiamu na magnesi ya kisima inapokwisha kukamatwa, ina mikono sita tu. Ilijaribiwa. Mwaka 1984 Hanns-Joachim Weinmann na wenzake wa kampuni ya Schering ya Berlin walichapisha matokeo ya panya: kloridi ya gadolini iliua nusu ya panya kwa milimoli 0.5 hivi kwa kilo, gadolini iliyoshikwa na EDTA iliua kwa 0.3 hivi, na ile iliyoshikwa na DTPA, ligandi yenye mikono minane, ilihitaji kufika yapata 10. Zingatieni hapo: EDTA haikupunguza sumu hata kidogo. DTPA iliipunguza mara ishirini, na mwaka 1988 ikawa dawa ya kwanza ya aina hii kuidhinishwa.

Nasita hapa ili wengine waulize. Sehemu nzito inakuja.

Mwanafunzi wa Tunguu aliandika:

Ahsante sana Maalim. Nina suali ambalo limenisumbua tangu nilipoanza kusoma kemia ya uratibu. Katika majedwali, nguvu ya kushika huandikwa kwa logi, ambapo tofauti ya moja ni mara kumi. Kwa gadolini nimeona EDTA ina 17.4, DTPA ina 22 na ushei, na ligandi nyengine, DOTA, ina 25 hivi. Hadi hapo naelewa. Lakini kuna dawa iitwayo gadodiamidi ambayo thamani yake ni 16.9, chini hata ya EDTA iliyoua panya. Iweje dawa hiyo iidhinishwe na itumike kwa watu wengi?

Maalim wa Chake aliandika:

Mwanangu, suali hili ndilo lililokuwa suali la miaka ya tisini, na jibu lililotolewa wakati ule lilikuwa la akili, japo halikutosha.

Jibu la kwanza ni kwamba nambari ya jedwali hupimwa kwa ligandi iliyovuliwa protoni zake zote, hali ambayo haipo katika damu. Katika pH ya 7.4 protoni nazo hugombania mikono ya ligandi. DTPA hupenda sana protoni, hivyo 22.1 yake huteremka hadi yapata 17.7. Gadodiamidi ni DTPA ambayo mikono yake miwili ya kaboksilati (mikono ya oksijeni yenye chaji) imefanywa kuwa amidi (isiyo na chaji). Inazipenda protoni kwa uchache, hivyo 16.9 yake huteremka hadi 14.9 tu. Pengo la mara zaidi ya laki moja limekuwa pengo la mara mia sita hivi.

Jibu la pili lilikuwa lile la uteuzi. Ndani ya mwili gadolini haiko peke yake na ligandi. Kuna zinki, shaba na kalsiamu zinazongoja kuichukua nafasi yake. Kwa hiyo, walisema, usiulize ligandi inaishika gadolini kwa nguvu gani, uliza inaipendelea kwa kiasi gani kuliko zinki. EDTA huishika zinki kwa 16.5, karibu sawa na gadolini. Zinki ikitokea, gadolini inatupwa nje. Ligandi ya gadodiamidi huishika zinki kwa 12 tu, pengo la karibu tano. Kwa hesabu hiyo, gadodiamidi ilionekana salama kama DTPA au hata zaidi, na panya walikubaliana nayo.

Hoja hiyo ni nzuri na bado naifundisha. Kasoro yake ni kuwa inaeleza mambo yatakavyokuwa mwisho wa safari, baada ya kila kitu kutulia, wala haisemi lolote kuhusu inachukua muda gani kufika huko. Kwa mtu mwenye figo nzima, nusu ya dawa hutoka kwa mkojo katika muda wa saa moja na nusu hivi. Haijapata nafasi ya kutulia. Kwa mtu ambaye figo zake zimekufa, nusu hiyo huweza kuchukua zaidi ya saa thelathini. Dawa ni ile ile, jedwali ni lile lile, lakini muda umezidi mara ishirini.

Liko jambo jengine linaloonesha kuwa watengenezaji wenyewe walijua kuna kinachovuja: katika chupa ya gadodiamidi huongezwa asilimia 5 ya ligandi ya ziada, ikiwa imeshikana na kalsiamu, ili iidake gadolini yoyote itakayoponyoka. Dawa iliyo imara isingehitaji kiasi hicho.

Mtaalamu wa Mionzi aliandika:

Niruhusuni nichangie upande wa spitali, kwa kuwa nimefanya kazi ya picha kwa muda mrefu, hapa Unguja na bara.

Kuanzia mwaka 1997 madaktari walianza kuona kwa wagonjwa wa figo maradhi ambayo hayakuwa na jina: ngozi ya miguu na mikono inakuwa nene na ngumu, viungo vinakakamaa, wengine wanashindwa kutembea, na baadhi walifariki. Mwaka 2006 Thomas Grobner, daktari wa figo wa Austria, aliandika kuwa wagonjwa wake waliopatwa na hali hiyo walikuwa wamedungwa dawa ya gadolini. Mwaka uliofuata Marekani iliweka onyo kali juu ya dawa zote za jamii hiyo. Ilipochunguzwa aina kwa aina, kesi zilielemea upande wa kelati zilizonyooka, yaani ambazo ligandi yake ni kama uzi wenye ncha mbili, gadodiamidi ikiwa mbele. Zile za pete, ambazo Maalim nadhani atazieleza, karibu hazikuwamo.

Mwaka 2014 Tomonori Kanda na wenzake wa Japani walionesha kuwa hata kwa watu wenye figo nzima waliodungwa mara nyingi, sehemu fulani za ndani ya ubongo zilianza kung'aa bila ya kudungwa chochote siku hiyo. Hadi leo haijathibitishwa kuwa mabaki hayo yanaleta maradhi ya ubongo, lakini mwaka 2017 Umoja wa Ulaya uliamua kusimamisha nyingi ya dawa zilizonyooka, ukiziacha chache kwa kazi maalumu kama vile kuchunguza ini.

Kuna jambo dogo ambalo hulisimulia kwa vijana wa maabara. Gadodiamidi huingilia kipimo cha kalsiamu kinachotumia rangi. Majibu hutoka yakionesha kuwa kalsiamu ya mgonjwa imeshuka vibaya, na daktari asiyejua huanza kumtibu mtu kwa ugonjwa asiokuwa nao. Kama mgonjwa amedungwa asubuhi, maabara iambiwe.

Maalim wa Chake aliandika:

Shukrani, Dokta. Umeniandalia njia.

Jean-François Desreux wa Liège, Ubelgiji, alieleza mwaka 1980 jinsi DOTA inavyozishika metali za jamii ya gadolini, na dawa yake ikaingia sokoni Ufaransa mwaka 1989. Ina mikono minane kama DTPA. Tofauti ni kuwa nitrojeni zake nne zimefungwa katika pete, na kaboksilati nne zinashuka kutoka katika pete hiyo. Gadolini hukaa katikati, nitrojeni juu, oksijeni chini, na maji yanapata nafasi moja upande wa oksijeni.

Sasa tuziweke mbili hizi katika asidi ya pH 1, ambapo protoni ni nyingi na kila mkono unashambuliwa. Kelati zilizonyooka, DTPA na gadodiamidi pamoja, nusu yake hufumuka kabla ya sekunde tano kwisha. Ya DOTA huchukua saa 338, siku kumi na nne. Wala msidhani kuwa hili linatokana na ile 25 ya jedwali. Ipo dawa nyengine ya pete, gadobutroli, ambayo thamani yake ni 21.8, chini kidogo ya DTPA. Kwa jedwali ni dhaifu kuliko DTPA. Katika asidi hiyo hiyo, nusu yake huchukua saa nyingi kufumuka, na spitalini rekodi yake ni ya dawa za pete.

Kwa watu wa pwani mfano wa dema, ule mtego wa samaki, unatosha. DTPA ni uzi mrefu uliojizungusha: protoni huling'oa fundo moja, zinki hushika mkono ulio wazi, kisha la pili, la tatu, na metali inatoka hatua kwa hatua. Katika pete hakuna ncha ya kuanzia. Ili gadolini itoke, lazima mikono mingi iachie kwa pamoja, na hilo hutokea kwa nadra mno. Samaki aliyemo ndani ya dema anaweza kuwa na hamu kubwa ya kutoka; tundu halimruhusu.

Mtoto wa Nungwi aliandika:

Maalim, kwa heshima, mimi ni mtoto wa mvuvi na dema nalijua. Dema samaki huingia kwa urahisi na kutoka ndiyo shida. Je, DOTA nayo huipokea gadolini kwa urahisi? Kama tundu ni dogo kwa kutoka, litakuwaje kubwa kwa kuingia?

Maalim wa Chake aliandika:

Ndugu yangu wa Nungwi, umegusa penyewe. DOTA haiipokei kwa urahisi, na hapo ndipo dema na pete vinapoachana. Kinachotokea ni hiki: gadolini hukamatwa kwanza na kaboksilati, ikabaki nje ya pete, huku nitrojeni mbili zikiwa bado zina protoni zake. Katika hali hiyo inaweza kukaa muda mrefu. Protoni hizo zikishaondoka ndipo metali inapozama ndani. Kwa sababu hiyo mtengenezaji hupasha moto.

Nieleze jinsi inavyoonekana mezani, maana vitabu huruka sehemu hii. Unachanganya kloridi ya gadolini na DOTA katika maji, na kila mkono unaoshika metali huachia protoni yake, hivyo pH huteremka. Unaongeza soda kostiki tone baada ya tone na kuirejesha karibu na 6. Ukizidisha ikapanda sana, gadolini inageuka hidroksidi na chupa inakuwa na ukungu mweupe. Ukiiacha chini mno, nitrojeni hazivui protoni na kazi inasimama. Unapasha, unarejesha, unasubiri. Pale mshale wa pH unapoacha kuteremka wenyewe, umekaribia. Kisha unachukua tone, unaliweka katika bafa (kimiminika kinachozuia pH isibadilike) ya asetati ya pH 5.8 pamoja na rangi iitwayo zailenoli chungwa. Ikibaki manjano, hakuna gadolini huru. Ikielekea urujuani, bado imo, na chupa hiyo haifai kukaribia mtu wala mnyama.

Kwa hiyo ugumu wa kuingia na ugumu wa kutoka ni tabia moja. Kwa dawa ya MRI tabia hiyo ni neema, kwa sababu mtengenezaji ana siku nzima ya kusubiri kiwandani.

Mwanafunzi wa Tunguu aliandika:

Nimeelewa upande wa usalama. Je, upande wa mng'aro? Nimesoma kuwa dawa hizi hutumia sehemu ndogo tu ya uwezo ambao nadharia inauruhusu.

Maalim wa Chake aliandika:

Ni kweli. Nadharia ya Solomon, Bloembergen na Morgan inaonesha kuwa uwezo wa kurejesha protoni ungeweza kuvuka 100 kwa kila milimoli kwa lita kwa sekunde. Dawa za kawaida zina 4 hivi. Mambo matatu ndiyo yanayoweza kusogezwa: idadi ya maji yanayoigusa metali, muda ambao kila molekuli ya maji hukaa hapo, na kasi ya kelati nzima kujizungusha yenyewe ndani ya kimiminika.

Lililo dhaifu kuliko yote ni hilo la mwisho. Kelati ndogo hujizungusha katika muda usiofika sehemu moja ya bilioni kumi ya sekunde, kasi isiyooana na mapigo ya protoni. Ukiipunguza, mng'aro hupanda. Gadofosveseti ilitengenezwa kwa wazo hili: imepewa mkia wa mafuta unaong'ang'ania albumini ya damu, na protini hiyo kubwa inaizuia isizunguke. Iling'arisha mishipa ya damu vizuri sana. Lakini iliyong'ang'ania albumini haitoki mwilini upesi, na faida yake hupungua kadiri sumaku inavyopanda kuelekea tesla 3. Imeondoka sokoni. Binafsi naona wazo lenyewe halijafa, khasa kwa mashine za sumaku ndogo ambazo ndizo nchi zetu zinaweza kuzigharamia, kwani mzunguko wa polepole hulipa zaidi huko chini.

Njia ya maji mawili ilidharauliwa kwa muda mrefu. Ukiondoa mkono mmoja wa DOTA unapata nafasi mbili za maji, lakini unadhoofisha mshiko, na nafasi hizo huvamiwa na fosfeti, bikaboneti au laktati, ukapoteza faida uliyoitafuta. Gadopikilenoli, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2022, ndiyo iliyolitatua hilo: pete yake imeunganishwa na piridini inayoifanya iwe ngumu isiyokunjika, ligandi inatumia mikono saba, maji mawili yanakaa, na bado haifumuki kirahisi. Uwezo wake ni yapata 12, hivyo dozi ni milimoli 0.05 kwa kilo, nusu ya iliyozoeleka. Katika kazi zote za miaka ya karibuni hii ndiyo ninayoihusudu.

Ami wa Malindi aliandika:

Nami niulize la mtu wa nje. Kwa nini msitumie metali ambayo mwili unaijua, kama manganizi, mkaachana na hiyo gadolini?

Maalim wa Chake aliandika:

Ami, wazo hilo ni la zamani kuliko dawa za gadolini zenyewe. Paul Lauterbur, aliyepata picha ya kwanza ya namna hii mwaka 1973 na Tuzo ya Nobeli mwaka 2003, alitumia manganizi pamoja na wenzake katika mioyo ya mbwa mwaka 1978. Ina elektroni tano zisizo na wenza, si haba, na ini linajua kuitoa.

Kizuizi ni kuwa miongoni mwa metali za safu yake, manganizi ndiyo inayoshikwa kwa ulegevu zaidi na takribani kila ligandi. Chuma, shaba na zinki zote huipiku. Dawa moja ya manganizi, mangafodipiri, iliuzwa kwa ajili ya picha za ini, na ndani ya damu zinki iliipokonya metali yake kwa wingi. Sasa haiuzwi. Wapo wanaotafuta ligandi ngumu za kuifunga, na ningependa wafaulu, lakini kazi ni ngumu kuliko ya gadolini, kwa vile manganizi haina upendeleo wa kuegemea.

Ami wa Malindi aliandika:

Na zile picha za mionzi ya nyuklia ambazo jamaa yangu alipelekwa kufanyiwa nje? Nazo ni metali?

Maalim wa Chake aliandika:

Nyingi ni metali, na huko masharti yanageuka. Galiamu-68 inayotumika katika picha za PET hupewa kwa kiasi kidogo kuliko gadolini kwa zaidi ya mara laki moja, kwa hiyo sumu ya metali yenyewe si hoja. Hoja ni saa: nusu yake hupotea kila dakika 68. Ukiitengeneza Dar es Salaam na kuipakia katika boti ya kasi, baada ya saa mbili za bahari itafika bandarini Malindi, hapa Unguja, ikiwa imebaki chini ya theluthi moja, na bado hujafika spitali.

Hapo ule upole wa DOTA katika kuipokea metali, tuliousifu juu, unakuwa mzigo, kwa sababu lazima upashe moto hadi nyuzijoto 95 hivi huku dakika zinakwenda. Ndiyo maana kwa picha za saratani ya tezi dume kuna ligandi isiyokuwa ya pete, HBED, inayoikamata galiamu katika joto la kawaida kwa dakika chache. Haihitaji kuishika kwa siku kumi na nne. Inahitaji kuishika hadi mionzi iishe.

Bint Wete aliandika:

Samahani kwa kuingilia. Mama yangu ana sukari na figo zake zimepungua nguvu, na ameandikiwa MRI yenye dawa. Je, nimzuie?

Mtaalamu wa Mionzi aliandika:

Bi, usimzuie kabla ya kuzungumza na daktari wake, kwa sababu ugonjwa usioonekana nao una hatari yake. Hakikisha kipimo cha kreatinini ni cha karibuni na kimekokotolewa kiasi cha uchujaji wa figo. Kiasi hicho cha uchujaji kikiwa chini ya 30 tahadhari huwa kubwa. Uliza dawa itakayotumika ni ya pete au iliyonyooka, na uliza kama picha bila ya dawa ingetosha. Ukiwa na jina la dawa, liandike na ulitunze pamoja na cheti chake. Kwa dawa za pete, hata wenye figo dhaifu hupigwa picha pale inapohitajika kweli.

Bint Wete aliandika:

Ahsante sana Dokta, Mungu akulipe kheri. Nitauliza hivyo hivyo.

Mwanafunzi wa Tunguu aliandika:

Maalim, la mwisho kwa leo. Natafuta mada ya mradi wa mwaka wa mwisho, na hatuna mashine ya kupimia T1. Je, kuna jambo la maana naweza kulifanya kwa spektrofotometa tu, kile chombo cha kupimia mwanga unaofyonzwa na kimiminika?

Maalim wa Chake aliandika:

Lipo. Pima kasi ya shaba kuipokonya gadolini ligandi yake. Kelati ya shaba hufyonza mwanga kwa nguvu kuliko shaba iliyo huru, hivyo utaona ufyonzaji ukipanda kadiri gadolini inavyofukuzwa. Tengeneza kelati ya DTPA na ya DOTA, zipime kwa zailenoli chungwa hadi uwe na hakika kuwa hakuna gadolini huru, kisha tia kila moja katika bafa ya asetati ya pH 5 hivi, katika joto lisilobadilika, pamoja na shaba iliyozidi. Usitumie bafa ya fosfeti, itaikamata shaba na gadolini zote mbili. Soma kila baada ya dakika chache kwa DTPA. Kwa DOTA soma kila siku, na usishangae mstari ukibaki umelala. Rudia katika pH mbili tatu ili uone kama ni protoni inayofungua mlango au ni shaba yenyewe, kwani kwa DTPA njia zote mbili zipo. Ukimaliza, weka nambari zako kando ya zile za jedwali uliloniletea mwanzo, kisha lete grafu hapa tuijadili.